Njegere Kwenye Ndoo za Rangi

Siku mume wangu alipopata kiharusi alikuwa juu ya jukwaa, anapandisha ukuta wa duka la mtu pale senta ya Runazi. Hakuanguka. Waliokuwepo waliniambia alikaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka jambo, akaweka mwiko kando, akataka kumwita kibarua wake, na sauti ikatoka bila maneno. Wakamteremsha kwa mikono. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza changu cha kushonea, jirani tu na hapo, sketi ya shule ikiwa chini ya sindano. Nilisikia watu wananiita, na kwa jinsi walivyoniita nikajua nisiulize kitu, nitoke tu.

Alirudi kutoka hospitali ya wilaya mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia unaburutwa, mdomo umevutwa upande mmoja. Kwa muda hakusema neno lolote. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikimfuta kidevu, nikiongea naye kama unavyoongea na mtu aliyelala. Kisha asubuhi moja alifungua macho, akanitazama sawasawa, akasema, "Minzi."

Neno hilo nililijua. Ni maji, kwa Kisukuma. Nilifurahi mpaka nikamwaga nusu ya kikombe nikimletea. Nilidhani mlango umefunguka na maneno mengine yako nyuma yake, yanasubiri zamu yao. Yalikuja kweli, siku baada ya siku, lakini yote yalikuja kwa Kisukuma. Kiswahili hakikurudi.

Nieleze hapa, maana mtu wa mbali anaweza asione uzito wake. Mimi ni Mhangaza, kwetu ni Nyamiaga, wilaya ya Ngara. Mume wangu alikuwa Msukuma. Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao akiwa mdogo, wakatafuta malisho hadi huku Biharamulo, wakabaki. Tulikutana alipokuja kwetu kujenga nyumba ya mapadre. Nilikuwa nashona kanzu za watoto wa kutumikia altareni, naye alikuja kuomba uzi wa kupigia mstari wa ukuta kwa sababu wake ulikuwa umekatika. Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni, chake cha mnadani, tena alikuwa haiwezi "r" hata kidogo. Kwa Kiswahili hicho alinichumbia, na kwa hicho tuligombana, tukapatana, tukalea watoto wawili ambao hawajui Kihangaza wala Kisukuma. Kila mmoja wetu aliweka lugha yake pembeni, ya kuzungumza na ndugu zake. Yeye akikutana na Wasukuma wenzake mnadani nilimsikia akicheka kicheko kingine, kipana zaidi, halafu akirudi kwangu ananifupishia walichosema. Sikuona kwamba nimekosa kitu. Salamu nilizijua, na maji, na asante. Zilinitosha.

"Lugha ya kwanza wakati mwingine ndiyo inayobaki, mama," muuguzi aliniambia tulipokwenda tena hospitali aangaliwe. "Hii nyingine inaweza kurudi, inaweza isirudi."

"Lakini ananisikia?"

"Anakusikia. Anakuelewa vizuri tu. Kujibu ndiyo shida."

Watoto walipiga simu, mmoja akiwa Mwanza, mwingine Dodoma. Niliweka simu sikioni kwake. Aliongea kwa muda mrefu, taratibu, na machozi yakimtoka jicho moja. Niliporudisha simu kwangu nikamkuta binti yetu analia. "Mama, baba anasema nini?" Nikamwambia anawasalimu. Ningesema nini kingine?

Shambani sikuweza tena kwenda. Shamba letu la mahindi na mihogo liko mbali na nyumba, na mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huwezi kumwacha toka asubuhi hadi jua kali. Nikamwachia jirani alilime tugawane. Cherehani nikaileta nyumbani, nikaiweka sebuleni karibu na mlango ili nimwone. Wateja walikuja siku za mwanzo kutoa pole, kisha wakapungua. Wanaokuja kupima nguo hawapendi kuvua koti mbele ya mgonjwa, na siwalaumu. Nikawa nashinda na mwanaume anayezungumza nami nisimwelewe.

Kaka yangu ndiye aliyetuma mbegu. Alisikia kwamba siendi shambani, akaweka njegere kavu kwenye kifuko cha nailoni, akampa kondakta wa basi. Kwetu tunaziita ubushaza. Nyamiaga ni milimani. Watu wanazitupia ardhini mvua zikikaribia kwisha, na baridi inazilea yenyewe. Runazi ni nchi nyingine, jua lake halina subira. Nilishazijaribu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nyuma ya nyumba, zikaota vizuri kisha zikanyauka zikiwa na maua. Mume wangu alisimama pale akazitazama, akasema, "Njegele zako zinataka sweta." Alilirudia sana neno hilo kwa wageni, na mimi nilikasirika kweli, kwa maana nilikuwa mgeni na nilizitaka njegere zile kuliko alivyojua.

Safari hii nilikuwa na muda wa kufikiri. Upande wa mashariki wa nyumba hupata jua la asubuhi tu, kisha ukuta unaleta kivuli. Hapo nikatengeneza matuta mawili mafupi. Na kwa sababu stoo ilikuwa imejaa ndoo za rangi alizokuwa akizileta kutoka kazini, nikazitoa, nikazikwangua, nikatoboa vitako kwa msumari wa moto, nikaweka kokoto chini na juu yake udongo uliochanganywa na samadi iliyokaa muda mrefu. Samadi mbichi inaunguza, na hata iliyoiva ukizidisha utapata majani ya kujivunia na maganda matupu. Mbegu niliziloweka usiku kucha, asubuhi nikazipanda kina cha kifundo kimoja cha kidole.

Yeye nilimtoa nje kila asubuhi. Nilikuwa namkokota kwa kumshika kiunoni hadi kwenye kiti cha mbao chenye mito, mgongo ukutani, blanketi magotini. Alikaa akinitazama nikifanya kazi. Tulikuwa hatua chache tu, lakini ilikuwa kama mimi nimekaa Bukoba.

Njegere za kwenye matuta ziliota kwanza. Zilipofika urefu wa kidole, kuku wa jirani waliingia nilipokuwa ndani nachemsha maji, wakazichambua zote mstari kwa mstari. Niliposikia sauti ya mume wangu nje nilidhani ameanguka. Nilitoka mbio. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anapiga kelele kwa Kisukuma, na kuku hawakumjali. Nikawafukuza. Nilipomgeukia, uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira na aibu. Nilisema, "Basi, baba, basi, ni njegere tu." Akageuza uso ukutani.

Zilizokuwa kwenye ndoo zilipona, kwa kuwa kuku hawakuziona huko juu. Nilizichomekea vijiti vya matete nikavifunga kwa vipande vya nyuzi za kushonea. Njegere ina vidole vyembamba kama uzi. Vinapapasa hewani mchana kutwa, na asubuhi unakuta vimekamata kijiti na kujizungushia. Nilipenda kuvitazama. Sikuwa na mwingine wa kumwonyesha isipokuwa yeye, na kumwonyesha kulikuwa kumekuwa kugumu. Nikisema kitu, anajibu. Akijibu, nabaki nimesimama na ndoo mkononi. Naye akiona sijaelewa anarudia kwa sauti zaidi, halafu anachoka, anafumba macho. Nikaona namuumiza. Nikaanza kupunguza maneno. Mwishoni nilikuwa namwosha, namlisha, namtoa, namrudisha, na siku nzima inapita bila mimi kusema zaidi ya "inuka" na "pole".

Kuna sentensi moja alianza kuisema kila jioni nilipokuwa namwagilia. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye ndoo, akaisema polepole, neno kwa neno. Nilimletea maji, akakataa. Nikamletea chakula, nikamfunika, nikamwuliza kama anataka haja. Hapana. Alinyoosha tena. Usiku nilikuwa naikariri sentensi ile kitandani kama mtoto anayekariri sala asiyoijua maana. Nilijiambia huenda anataka kurudishwa kwao Shinyanga. Nikajiambia huenda ananiaga.

Dada yake mkubwa anaishi Nyantakara. Alikuja baada ya mavuno ya maharage, amebeba michembe kwenye kapu, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mume wangu aliipenda tangu utoto.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mgonjwa wetu?"

"Yuko nje."

Alikwenda akamsalimu, na mume wangu alipojibu niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Waliongea. Nilisimama jikoni, mwiko wa ugali mkononi, nikawasikiliza kama unavyosikiliza mvua ikinyesha kijiji cha pili. Alicheka. Kile kicheko kipana. Nilikaa chini palepale penye mafiga, nikalia kidogo, nikajifuta kwa kanga, nikaendelea kusonga.

Jioni nilipochukua kopo la kumwagilia, akainua mkono na kuanza sentensi yake. Nikamwita dada yake. "Wifi, njoo upesi. Hii. Kila siku anasema hii. Anasema nini?"

Alimsikiliza, akamwomba arudie, kisha akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu.

"Anasema ndoo ile ya mwisho haikukaa sawa. Imeinama. Maji yote yanakimbilia upande mmoja, mmea wa upande mwingine unakufa kiu. Anasema uchukue pimamaji yake ya kunyooshea kuta, iko nyuma ya mlango wa stoo."

Nikaenda kuangalia. Ilikuwa imeinama kweli, na mche wa upande wa juu ulikuwa wa njano. Nilicheka na mimi. Maneno yale niliyolala nayo usiku baada ya usiku yalikuwa ya fundi mwashi anayeona kitu hakijanyooka.

"Na kingine anasema nini?" niliuliza. "Siku zote anaongea. Muulize."

Akamwuliza. Mume wangu alitazama miguu yake, kisha akasema kitu kifupi. Wifi hakucheka.

"Anauliza kwa nini siku hizi huongei naye."

Nilipiga magoti nikaweka jiwe bapa chini ya ndoo, nikaweka pimamaji juu ya ukingo wa ndoo, nikalisogeza jiwe mpaka kile kiputo cha ndani yake kikasimama katikati. Kisha nikageuka, nikamwambia, "Nitaongea. Nilidhani unachoka."

"Nduhu," alisema. Hilo halikuhitaji mkalimani. Hapana.

Wifi alikaa wiki nzima. Alinifundisha maneno tukiwa tunafua na kupika: mto, blanketi, moto, baridi, panapouma, geuza, tosha. Matamshi yangu yalimchekesha. Alipoondoka nilianza kuongea. Niliongea asubuhi nikimwosha na jioni nikimwagilia. Nilimweleza nani amekuja kushona nini, padre amehubiri nini, kaka yangu amesema mvua Nyamiaga ikoje. Nilimweleza hata njegere zenyewe, ipi imetoa ua, ipi imeshikwa na ule unga mweupe wa majani. Alinijibu kwa Kisukuma chake. Nilidaka neno moja katika kumi, nikalirudia, naye akaitikia kwa kichwa au akanikosoa. Yalikuwa mazungumzo ya kuchechemea. Zipo jioni nilizochoka nayo nikatamani mtu mmoja tu aniambie sentensi nzima niielewe mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa naenda dukani kununua chumvi isiyohitajika ili mwenye duka aniulize habari za nyumbani.

Maganda yalijaa mvua zilipokuwa zinakwisha. Njegere ukizichuma mara kwa mara hutoa nyingine. Ukiziacha zikakomaa, mmea huona kazi yake imeisha. Nilichuma kila nilipoona ganda limevimba. Nilimwekea sinia magotini. Kumenya njegere kwa mkono mmoja si rahisi: aliliweka ganda juu ya paja, akalibana kwa kiganja, akalipasua kwa kidole gumba. Nyingine ziliruka zikaenda mchangani. Aliendelea tu. Alimaliza rundo lake mimi nikiwa nimemaliza langu zamani, nimekaa namsubiri nikijifanya nachambua.

Nilizipika na ndizi, kama kwetu. Alikula. Alipomaliza alisema, "Wabeja," asante. Halafu akabaki mdomo wazi, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko wenye tundu. Nikasubiri na bakuli mkononi.

"Njegele," alisema.

Ilikuwa njegele, kwa Kiswahili, na "l" yake ileile. Nilimshika mkono ule uliokufa, nikasema ndiyo, njegere, ndiyo. Alijaribu kuongeza neno la pili, likakataa. Kesho yake na keshokutwa nilimwekea bakuli tena, nikangoja. Neno lingine halikurudi. Niseme kweli, nilikuwa nimeshaanza kujiandaa kwa mengine, nikipanga moyoni tutakayozungumza.

Kiharusi cha pili kilimjia kiangazi, mchana, akiwa kwenye kiti chake. Nilikuwa ndani napiga pasi sare za shule. Nilikuwa naongea naye kupitia dirishani, namweleza kwamba mkaa wa siku hizi una vumbi tupu, na niliendelea kuongea kwa muda kabla ya kutambua kwamba hajibu. Nilitoka na pasi mkononi. Kichwa kilikuwa kimeinama begani. Alipumua hadi jioni. Wifi alifika kabla giza halijaingia, akamwambia maneno mengi sikioni, na sikumwuliza maana yake.

Tulimzika Runazi, karibu na wazazi wake. Ndugu walijaa uani, wakalala kwenye turubai, wakaimba usiku kucha nyimbo za kwao. Watoto wangu walikaa karibu nami, wageni kama mimi. Baada ya matanga kila mtu alirudi kwake. Binti yangu alitaka niende naye Mwanza. Kaka yangu alikuja mwenyewe kutoka Nyamiaga.

"Unabaki huku na nani?" aliniuliza. "Nyumba ya baba iko wazi. Watu wako wako kule. Utaongea lugha yako."

"Acha kwanza niivuke mvua hii inayokuja," nilimwambia.

"Mvua hii, halafu?"

"Halafu nitaona."

Nilimwambia hivyo mvua mbili zilizopita. Kwetu nimekwenda, nikakaa, nikala ubushaza wa kaka yangu uliopandwa bila ndoo wala kivuli. Jioni wanawake wa kule waliongea pembeni yangu kwa Kihangaza, haraka haraka, na nilielewa kila neno. Hakuna hata mmoja wao aliyemfahamu mume wangu zaidi ya kumwona akipandisha tofali. Baada ya siku chache nikapanda basi, nikarudi Runazi.

Nashona tena pale senta. Kisukuma nilichonacho ni kile cha kitandani: panapouma, geuza, funika, maji, tosha. Siku za mnada Wasukuma wanakuja kupima nguo, nawasalimu, "Mwangaluka," wananijibu, "Mhola," wakifurahi, kisha wanamwaga maneno na mimi nasimama na futi yangu shingoni. Siku moja bibi mmoja aliniuliza kitu kirefu, na nilichopata humo ni mgongo na baridi. Nikamletea kiti chenye mto, nikamfunika mabega kwa kitambaa cha mteja. Alinitazama kwa mshangao, halafu akaketi.

Njegere nazipanda bado upande wa mashariki, wavu wa kuzuia kuku ukiwa umezungushwa kwenye matuta. Wiki hii nimechuma bakuli la kwanza. Wifi alisema angekuja Jumamosi, lakini mvua imekata barabara ya Nyantakara, kwa hiyo nimezimenya mwenyewe, nimeteleka nusu na nusu nimempelekea jirani mwenye kuku. Alizipokea mlangoni, akaniuliza zinapikwaje. Nilimweleza yote, hadi muda wa kutia chumvi, na alipokuwa ameshaelewa nilikuwa bado naeleza.